Miguu Chini ya Gari

4 Machi

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Miwani yako mpya iko hapa mezani kwangu kazini. Lenzi ya kushoto bado naisugua, maana jicho lako la kushoto lina ukaidi kama mwenyewe. Nitakutumia nikimaliza.

Nina habari, na usicheke. Unakumbuka vile vitofali vya plastiki nilivyokuwa nabananisha sakafuni nikiwa mdogo, ukavikanyaga ukanitukana? Bado navibananisha. Tuko watu wazima kumi na saba, tuna chama. Tunaunda magari ya mashindano na yale ya kifahari ya kasi, madogo ya kuweka mezani, lakini ndani yana uhai. Gari zuri kwa nje ambalo ndani ni tupu sisi tunaliita sabuni. La kwetu ukilisukuma, pistoni zinapanda na kushuka. Ukizungusha usukani, tairi zinakata kona. Ukilibonyeza, shokapu zinazama kisha zinaliinua. Hakuna gundi, hakuna kukata kipande.

Tarehe 24 mwezi ujao kuna maonyesho. Gari litakaloshinda kwa ukweli wa ndani litakaa mwaka mzima kwenye kabati la kioo, ukumbini mwa chuo cha ufundi, na chini yake sahani ya shaba. Sahani haiandikwi jina la aliyeliunda. Inaandikwa jina la fundi wa gari la kweli, yule aliyelifanya liende. Na mimi naunda lile la Babu, jekundu lenye mlango mmoja mweupe!

Nimefungua daftari lake, lile ulilonipa kwenye kopo pamoja na spana baada ya mazishi. Ukurasa wa giaboksi ni mzuri nusura niuweke kwenye fremu. Na unajua nini, Bibi? Katikati ya mchoro, baina ya zile fimbo mbili za kuchagulia gia, amechora kastabini yako, ile ya kuvaa kidoleni ukishona, na vitobo vyake vyote! Mzee wa watu yuko kazini, anakuwaza wewe. Mimi mke mdogo sijachorwa hata ukucha.

Niandikie unachokumbuka kuhusu yeye na ile giaboksi. Chochote.

Mjukuu wako


11 Machi

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Barua imefika imelowa pembeni, nikaianika juu ya kiti. Nimeisoma kwa miwani ya zamani, ile yenye mguu uliofungwa uzi, na maandishi yako ni kama sisimizi wanaokimbia mvua. Nilichokishika nimekishika. Unaunda gari la plastiki na marehemu anapewa sahani.

Na usinipigie simu kuniuliza kama barua imefika. Sikio langu la kulia lilibaki karakana kwa makelele ya injini. Halafu kuandika nimejifunza nina miaka sitini na minane, kwa maboksi ya dawa na magazeti ya kufungia misumari. Nisipoandika sasa nitaandika lini?

Sasa sikiliza. Una miaka ishirini na sita, una kazi ya watu wenye akili, unawapa vipofu macho. Ukitaka kuchezea plastiki chezea, sikukatazi. Lakini kwa nini gari lile? Unda basi. Unda lori la kubeba mchanga. Babu yako alisifiwa akiwa hai, akasifiwa akiwa amelala. Siku ya kumzika watu walisifu gia mpaka nikadhani tunazika giaboksi.

Lile gari jekundu lilikuwa na viti viwili. Vyote nilishona mimi, mshono wa mara mbili, ngozi ngumu ya kuvunja sindano. Sijaona neno kiti kwenye barua yako.

Unaniuliza ninachokumbuka. Nakumbuka grisi kwenye mashuka. Basi.

Kula vizuri. Usikae na njaa kwa ajili ya tairi zisizokupeleka popote.

Bibi yako


20 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Haya, viti nimeunda! Viwili, vyeusi, na nimepanga vijiti vyekundu vidogo kama mishono yako, mara mbili mara mbili. Umeridhika?

Mengine yanakwenda vizuri. Pistoni sita zinacheza. Difu imekubali: nikilizuia tairi la nyuma la kushoto, la kulia linazunguka peke yake, kama linavyotakiwa kwenye kona. Sasa naingia kwenye giaboksi, gia nne kamili. Fimbo moja inachagua ya kwanza na ya pili, nyingine ya tatu na ya nne, kama alivyochora.

Halafu nimempata Dereva! Yule aliyeliendesha. Ana miaka themanini na kofia ileile. Alishika usukani wa gari langu kwa vidole viwili, machozi yakamtoka, akaniambia, "Binti, babu yako alikuwa na kifaa cha siri mle ndani. Wenzake walimuuliza mpaka wakachoka. Alicheka tu." Aisifuye mvua imemnyea, Bibi. Alizungumza saa tatu na hakumsema mtu mwingine.

Ameniachia picha ya siku ya ushindi. Babu ameshika kikombe, na kando yake yuko mwanamke wa kitambaa cheupe, mrembo, anamtazama Babu kama anatazama keki. Nikaelewa. Ndiyo maana barua yako ilikuwa baridi! Bibi, una wivu na yule mwanamke? Miaka arobaini na mbili imepita, mwachie Mungu.

Nimekuchokoza. Lakini niambie.

Mjukuu wako


27 Machi

Wewe,

Yule wa kitambaa cheupe alikuwa mke wa mwenye shamba walipokimbiza magari. Alikuwa anatazama kikombe, kilikuwa chake, alikitoa kabatini kwake na alitaka kirudi. Kama babu yako angekwenda kwa yule, ningemfungia nguo mwenyewe na nauli juu.

Wivu ninao. Umeona sawa, ila umeona kwa jicho moja, na wewe ndiye fundi wa macho. Ninao mwingi, na si wa mwanamke. Kuna siku namwonea wivu mtu ambaye hata kaburi lake nimelipalilia mwenyewe juzi, kwa mikono hii. Sasa niite mchawi.

Saa tatu Dereva amezungumza! Yule ambaye kwenye ndoa ya mama yako alipewa dakika mbili akasahau jina la bwana harusi.

Picha hiyo naijua kuliko kiganja changu. Usimtazame mwenye kikombe, kila mtu anamtazama huyo. Itazame chini. Hesabu miguu ya watu waliomo, kisha hesabu vichwa vyao. Ukimaliza niambie umebaki na nini.

Ahsante kwa viti.

Bibi yako


5 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Miwani iko ndani ya boksi hili, imefungwa kwenye soksi. Ukiona kizunguzungu siku ya kwanza usiogope, macho yanazoea.

Nimehesabu. Vichwa vitano, miguu kumi na miwili. Ile miwili ya ziada inachungulia chini ya gari, peku, nyayo nyeusi kwa oili. Ni ya mwanafunzi wa Babu, sivyo? Yule mliyemwita Kijiti? Maskini, hakupata hata kupigwa picha. Nimecheka.

Lakini sasa sicheki. Giaboksi inanishinda. Nikiwa kwenye gia ya pili, fimbo ya pili inateleza yenyewe na ya tatu nayo inaingia. Gia mbili kwa mpigo! Gari linajifunga, tairi hazizunguki mbele wala nyuma, na nikilazimisha meno yanakatika. Nimeshavunja gia tatu. Nimefuata mchoro mstari kwa mstari, isipokuwa lile pambo la kastabini tu, na kati ya fimbo mbili pale pamebaki wazi. Wenzangu wa chama wanasema mchoro wenyewe haufanyi kazi. Mmoja akasema, "Huenda mzee alikuwa hodari wa kusimulia." Nilitaka kumpiga na chesisi.

Bibi, Babu aliwahi kusema chochote kuhusu gia mbili kuingia pamoja? Ulikuwa pale karakana kila siku. Zimebaki siku kumi na tisa.

Mjukuu wako


9 Aprili

Mjukuu,

Miwani imefika. Naona vizuri mno.

Kuhusu gia sijui. Mimi nilikuwa nashona viti. Muulize Kijiti.

Bibi


14 Aprili

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi kama vumbi la barabara zetu za zamani. Mimi bado napumua, ingawa injini inagonga.

Nakuandikia kuhusu mjukuu wetu. Jana nilikwenda kumwona nikamkuta ameng'oa giaboksi yote, iko kwenye bakuli kama njugu. Gari amelifunga vizuri kwa nje, linang'aa, ndani tupu. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Babu alikuwa muongo. Ameniachia mchoro wa uongo, kastabini katikati kama mchezo wa mtoto, na Bibi hataki hata kunijibu." Macho yamemvimba. Nilimzoea anaitaja "gia ya Babu" kama mtu anavyotaja dua.

Kuna jambo la pili. Anataka kulipeleka hivyo hivyo, kwa uzuri wa nje tu, na akipata chochote sahani iandikwe jina langu. Mimi! Niliyekanyaga tu pale nilipoambiwa nikanyage.

Shemeji, mimi ni mzee, si kipofu. Siku ile ya kikombe nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye ile miguu. Kijiti alikuwa na homa siku hiyo, hakuja kabisa. Na Kijiti hakuwahi kuvaa kikuku cha shaba kwenye kifundo cha mguu. Nimenyamaza miaka yote kwa sababu wenye nyumba walinyamaza, na mgeni hafungui chungu cha watu.

Lakini nakuonya. Ukiendelea kunyamaza, mimi sahani naikubali. Mzee akipewa sifa hakatai.

Shemeji yako, Dereva


16 Aprili

Mjukuu wangu, roho yangu,

Barua hii haipiti posta. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi na nimemtazama usoni mpaka akaogopa. Ikifika acha kila kitu uisome.

Kwanza, mwambie Dereva jina lake lilikaa vizuri kwenye leseni na libaki hukohuko.

Pili, nimekudanganya. Nilisema sijui. Najua. Najua kuliko mtu yeyote aliye juu ya ardhi na wengi walio chini yake.

Babu yako hakuwa muongo wa mchoro. Siku moja kabla ya mashindano gari lilishikwa na ugonjwa huohuo wa kwako. Gia mbili kwa mpigo, linajifunga kama punda aliyegoma. Kati ya zile fimbo mbili huwa kuna pini fupi, inalala katikati. Ukisukuma fimbo moja, pini inabanwa kuingia kwenye kishimo cha fimbo ya pili na kuishikilia isitoke. Mmoja akiondoka, mwenzake anafungiwa mlango. Ndiyo kazi yake yote. Sasa pini ya lile gari ilikuwa imelika, imekuwa fupi, haifiki. Pini mpya haikuwepo mji mzima. Babu yako akakaa chini akashika kichwa.

Mimi nilikuwa ndani ya gari namalizia kiti. Kidoleni nina kastabini ya chuma, si ile ya bati. Nikamwambia nipishe. Pembeni ya giaboksi kulikuwa na kizibo, lakini mkono wake haupiti, alikuwa na vidole kama mihogo. Wangu ukapita. Nikaitoa ile pini, nikaivika kastabini, ikaenea kana kwamba walizaliwa pamoja. Nikaisugua na msasa kichwani, nikatia grisi, nikarudisha. Tukajaribu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, hakuna aliyeingilia mwenzake. Akanitazama. Akaniuliza, "Umeweka nini?" Nikamwambia, "Kidole changu."

Wanasema chanda chema huvikwa pete. Changu kilivuliwa.

Kesho yake wakashinda. Mimi sikuona wakivuka mstari, nilikuwa nyuma na kopo la grisi. Gari liliposimama nikavua viatu nikaingia chini yake nione kama kizibo kinavuja. Niko pale chini, mgongo kwenye vumbi, nikasikia watu wamekuja. Wakauliza, "Hii gia kaitengeneza nani?" Nikaacha kufuta oili. Nikasubiri jina langu, mjukuu wangu. Nilijua atalitamka, hata nikaanza kujivuta nitoke.

Nikasikia, "Mimi."

Ndipo picha ikapigwa. Ile miguu ni ya mtu aliyesikia neno hilo sasa hivi. Sikutoka mpaka watu wote walipoondoka.

Hatukugombana. Ningesema nini? Wakati ule gari likijulikana limefungwa gia na mwanamke, tena asiyejua hata a, nani angelikalia? Nilimwelewa kichwani. Moyoni sikumwelewa hata siku moja. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila mwaka tarehe ileile aliniletea kastabini mpya, anaiweka mezani bila neno, anakwenda kunawa. Ziko ishirini na nne kwenye mkebe wa biskuti. Sikuvaa hata moja. Nilishona kidole kitupu mpaka kikawa kigumu, ili aone. Nilisema moyoni, huyu ananinunua ninyamaze.

Na wewe ukaja na sahani. Ukaniandikia giaboksi ya Babu, kifaa cha siri cha Babu, na ukaniambia ile miguu ni ya Kijiti ukacheka. Nikakasirika kama mtoto. Gia zilipokushinda nikasema moyoni, vizuri, na zimshinde, safari hii ajulikane. Nikaandika "sijui" nikalala usingizi mzuri. Wivu wangu kwa marehemu niliumalizia kwako, wewe uliyelala mgongoni mwangu. Naliandika hapa ili likae.

Barua ya Dereva ilipokuja nikavaa miwani yako mpya, nikazitoa barua zako zote nikazisoma tangu mwanzo. Ile ya kwanza niliisoma kwa miwani mibovu na kwa hasira, nikaishia kwenye neno sahani, mengine nikayaruka mpaka swali lako la mwisho. Ile ya tarehe 5 Aprili, nilipofika kwa Kijiti, iliyobaki niliisoma juujuu, nikashika tu kwamba gia zimekushinda. Sasa nimeyasoma. Umesema katikati ya mchoro, baina ya fimbo mbili, amechora kastabini. Na vitobo vyake.

Nimesoma mstari ule mara nyingi, nimechelewa hata kuwasha jiko.

Daftari lile nilikuwa nalo ndani ya nyumba miaka na miaka. Sikulifungua hata siku moja, nilidhani ni maandishi, na maandishi yalikuwa ya watu wengine. Nilipojifunza kusoma lilikuwa limeshakuja kwako.

Mjukuu wangu, hilo si pambo. Babu yako hakuwa mtu wa kuchora maua kazini. Hicho ndicho kifaa. Umekiacha nje kwa sababu ulidhani ni mapenzi. Kirudishe. Tafuta kipande kidogo chenye kichwa cha mviringo, kiweke kati ya fimbo mbili, kicheze kushoto na kulia lakini kisianguke. Uchonge kishimo kwenye kila fimbo. Najua hamruhusiwi kukata, basi tumia fimbo yenye vitobo, kichwa kiingie humo.

Una siku nane. Nilikunyima siku saba. Ukishindwa sasa kosa ni langu, waambie hivyo.

Bibi yako


25 Aprili

Bibi,

Shikamoo.

Nilikasirika. Sitakuficha, tumeshafichana vya kutosha. Barua yako ya "sijui" nimeibandika ukutani, na kila nilipopita niliitolea ulimi. Siku saba, Bibi! Gia nne zimevunjika, na ya nne niliivunja kwa hasira juu yako, si kwa kukosa ufundi.

Kisha nikakaa mezani nikatafuta kipande. Nimepekua masanduku yote. Nilichopata ni kidogo, cha kijivu, kichwa mviringo, kimetoboka chini. Wenzangu wanakitumia kama taa ya nyuma ya pikipiki. Ukikitazama bila kuambiwa unasema ni kastabini. Nikakiweka baina ya fimbo mbili. Nikaingiza gia ya pili, kikakimbilia kwenye fimbo nyingine na kuifunga ya tatu. Nikarudisha, kikalegea. Nilirudia mpaka jirani akagonga ukuta.

Jana waamuzi walikuwa watatu. Mwenye shati la mistari alilishika gari langu na kulibonyeza, likazama na kuinuka. Akazuia tairi, difu ikafanya kazi yake. Kisha akafanya ninachojua hufanya kwa makusudi, akasukuma fimbo zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu, ili aone kama litajifunga. Bibi, lilimkatalia! Fimbo moja iliingia, nyingine ikagoma kabisa. Akajaribu mara tatu. Akauliza, "Hapa umeweka nini?" Nikamwambia, "Kidole cha bibi yangu." Akadhani ni msemo.

Kikombe kikubwa kimekwenda kwa gari la kifahari la yule wa chama aliyetutukana, milango yake inafunguka kwenda juu kama mabawa na amefunga taa humo. Lakini kabati la kioo ni letu. Sisi ndio tumeshinda kwa ukweli wa ndani. Dereva alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka, kisha akaniambia nikwambie ameponyokwa na sahani kwa uchungu mkubwa.

Sasa kuna jambo, na mimi siwezi kuliamua. Sahani ni ndogo, jina moja tu. Nimewaomba mawili, wamekataa, kanuni ni fundi mmoja. Chuo kinataka jibu kabla ya Ijumaa. Na watatundika picha ile ya ushindi nyuma ya gari, ila wanasema ni pana mno, wataikata ibaki sehemu ya Babu na kikombe.

Nilipokuwa mdogo alinikalisha juu ya boneti akanifundisha majina ya spana. Nampenda, Bibi, bado nampenda. Na nimekiangalia tena kile alichochora. Vitobo vya kastabini ni arobaini na moja, kila kimoja amekizungushia kalamu. Fimbo zenyewe amezipitishia mara moja tu, haraka. Sijui mtu hufanya hivyo kwa kitu anachotaka kukificha.

Niandike la nani?

Mjukuu wako


28 Aprili

Mke mwenzangu,

Andika langu.

Ulitegemea nitasema "muandike yeye, mimi nimesamehe, mimi ni mtu mzima"? Hapana. Yeye ana kikombe, ana hotuba za mazishi, ana saa tatu za Dereva. Mimi nina sahani. Jina langu ni fupi, litaenea. Usiandike "mke wa". Andika jina, na chini yake neno fundi, na waambie nitakuja kulisoma mwenyewe kwa macho yangu. Nikikuta herufi imekosewa nitawaonyesha.

Wewe endelea kumpenda. Usimpunguzie hata chembe kwa ajili yangu, utanitia wivu zaidi. Alikufundisha spana kwa sababu alikupenda. Alichora kastabini kwa sababu hakuweza kusema, na vitobo arobaini na moja ni vingi kwa mtu mvivu wa kalamu kama yeye. Kuchora ni nusu ya kusema. Nusu hiyo nimeipokea, imechelewa lakini imefika. Ile nyingine atanilipa tukionana, na ajiandae.

Jana nilifungua mkebe wa biskuti. Nilizijaribu zote ishirini na nne. Vidole vimevimba kwa uzee, zote zinanibana, isipokuwa ya mwisho, aliyoileta mwaka ule alioanza kuugua. Hiyo ni kubwa. Kumbe alikuwa anavitazama vidole vyangu. Nimeivaa nikashona pindo la pazia, nikajichoma mara mbili, maana nimesahau kushona na kidole kilichovikwa.

Niletee daftari ukija. Ukurasa ule tu nautaka, mengine kaa nayo.

Na picha, waambie wasiniguse. Ikiwa haienei kwenye kabati, waikate upande wa kikombe. Miguu waiache.

Bibi yako, fundi